Maswali ya Wasomaji: Cha Bure Mtandaoni, Bando Mfukoni

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa walimu, kuanzia Vwawa hadi Kilolo, na ukizipanga mezani unaona kilio ni kimoja: vifaa vya kufundishia vya bure vimejaa mtandaoni, lakini bando la kuvifikia linalipiwa. Ndiyo maana majibu yetu mengi yanaelekea upande mmoja, wa kupakua mara moja mahali penye mtandao na kugawa shuleni bila mtandao.

Wikipedia kwenye flashi

*Wahariri, salaam. Nafundisha sekondari ya kata huku Makete. Mtandao tunaufuata kilimani, na ukipatikana ni wa kusomea ujumbe tu. Shule ina laptop moja, na walimu tuna vishikwambi vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Nimesikia Wikipedia inaweza kuwekwa kwenye flashi ikasomwa bila intaneti. Ni kweli? Inafanywaje?*
Mwalimu wa Jiografia, Makete

Ni kweli, mwalimu. Programu inaitwa Kiwix, na ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu. Inasoma mafaili ya aina ya ZIM. Faili moja la ZIM ni kama kabati zima la vitabu lililobanwa likawa kitu kimoja. Usijaribu kulipakua huko kilimani. Subiri siku unayoshuka Njombe au Makambako, nunua bando la usiku au tafuta Wi-Fi ya uhakika, kisha fungua library.kiwix.org.

Hapo wengi huponzwa na tamaa. Wikipedia yote ya Kiingereza pamoja na picha zake inazidi GB 100, hiyo iache. Chukua Wikipedia ya Kiswahili, halafu ile ya Kiingereza chepesi iliyoandikwa Simple English, ambayo pamoja na picha ni GB 3 hivi. Hii ya pili ndiyo tunayoisisitiza kwa sekondari. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba anafika Kidato cha Kwanza anakutana na Jiografia ya Kiingereza. Sentensi fupi na msamiati mdogo vitamvusha kuliko makala ndefu ya kitaalamu. Kwenye jina la faili utaona neno moja kati ya matatu: maxi maana yake kila kitu na picha, nopic ni maandishi bila picha, na mini ni utangulizi wa kila makala tu. Kwa Jiografia, nopic haina faida kubwa, maana ramani na michoro ndiyo unayoitafuta. Mwisho wa jina kuna mwaka na mwezi. Chukua la karibuni.

Kama umeme au mtandao hukatika njiani, chagua kupakua kwa torrent, yaani njia ya kuleta faili vipande vipande, na utumie programu ya bure kama qBittorrent. Ukikatika, unaendelea ulipoishia, na kila kipande kinakaguliwa kama kimefika kizima. Ila likishakamilika, lisimamishe hapo hapo. Torrent ikimaliza kupokea huanza kuwagawia wengine, na bando lako litaondoka hivyo hivyo ukiwa umelala.

Sasa flashi. Flashi nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata kama flashi ni ya GB 64 na iko tupu. Kompyuta itakwambia faili ni kubwa mno, nawe utadhani flashi ni mbovu. Hamisha kwanza vilivyomo, ifomati upya kwa exFAT, kisha nakili. Kasoro ya exFAT ni kwamba simu za zamani haziisomi, kwa hiyo ijaribu kwenye kishikwambi kimoja kabla ya kuinakilia yote.

Kwenye kishikwambi kuna mtego mwingine. Kiwix ya Play Store imefungwa isisome mafaili uliyoyaingiza wewe mwenyewe kwenye matoleo mapya ya Android. Inakubali yale iliyoyapakua yenyewe. Kama ZIM umeileta kwa flashi, chukua Kiwix ya Android kutoka kwenye tovuti yao, kiwix.org. Hiyo haina kizuizi. Walimu wengi wamefuta programu wakidhani faili ndilo lililoharibika, kumbe lilikuwa zima.

Kutumia laptop moja kwa vishikwambi kadhaa: washa hotspoti kwenye simu yoyote, zima data yake, unganisha laptop na vishikwambi kwenye hotspoti hiyo. Kwenye Kiwix ya laptop washa seva ya ndani. Itakuonyesha anwani ya tarakimu inayoanza, mara nyingi, na 192.168. Wanafunzi wanaiandika kwenye kivinjari kama ilivyo, pamoja na namba ya mwisho baada ya nukta mbili. Tunapendekeza hotspoti ya simu kwa sababu ile ya Windows mara nyingi hugoma kuwaka kama kompyuta haina intaneti. Simu nyingi zinabeba vifaa 8 hadi 10 tu kwa wakati mmoja. Darasa la 60 ligawe makundi ya watu 7 au 8, kila kundi kishikwambi kimoja.

Mambo matatu yatakusumbua siku ya kwanza. Kishikwambi chenye laini ya simu kitaona Wi-Fi haina intaneti na kitarudi kwenye data kimyakimya, ukurasa usifunguke. Zima data kwenye kila kishikwambi. Pili, Windows itauliza kama iruhusu programu kupita kwenye ulinzi wake. Ukibonyeza kukataa, laptop itafungua maktaba yake yenyewe lakini vishikwambi havitaiona. Tatu, ukifunga mfuniko wa laptop, inalala na maktaba nzima inalala nayo.

Kama unataka zaidi ya kusoma, yaani mazoezi yanayojisahihisha na taarifa ya nani amekwama wapi, tafuta Kolibri ya shirika la Learning Equality. Nayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti kwa mpango ule ule wa laptop na hotspoti. Unachagua chaneli, mfano Khan Academy ya hisabati, lakini usichukue yote: weka alama kwenye mada za kidato chako tu, maana chaneli nzima ni makumi ya GB. Jirani yako akishapakua, anaweza kukutolea nakala kwenye flashi. Itatengeneza folda iitwayo KOLIBRI_DATA. Usiibadili jina wala kuiweka ndani ya folda nyingine, la sivyo laptop ya pili haitaitambua.

Flashi ya bei chee

*Nimenunua flashi ya GB 512 kwa bei ya ile ya 32. Mafaili yananakilika vizuri, lakini nikirudi kuyafungua mengine ni matupu. Virusi?*
Mwalimu wa TEHAMA, Kyela

Si virusi, mwalimu. Ni flashi ya kughushi. Ndani ina GB chache, ila imechezewa ili ijitangaze kubwa. Ikijaa, inaandika vipya juu ya vya zamani au inavitupa, na haitoi onyo. Pakua H2testw, programu ndogo ya bure ya Windows. Kwenye Linux ipo F3. Inajaza flashi yote kisha inasoma ilichoandika na kukwambia ukubwa wa kweli. Kwa flashi kubwa kazi hiyo inachukua saa nyingi, hivyo iache usiku. Ikikwambia ya kweli ni GB 30, irudishe kwa muuzaji. Akikataa, usiitumie kwa kazi yoyote ya shule. Ukinunua nyingine, ipime kabla hujaweka kitu.

Maabara isiyo na vifaa

*Habari za kazi. Nafundisha Fizikia Mafinga. Tuna amita mbili kwa wanafunzi zaidi ya mia, na moja haisomi. Kuna programu ya bure ya majaribio ya umeme isiyohitaji bando kila siku? Na bila projekta nitawaonyeshaje?*
Mwalimu wa Fizikia, Mafinga

Ipo, na ni nzuri kuliko nyingi zinazouzwa. PhET ni mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Fungua phet.colorado.edu, tafuta jaribio la kuunda saketi za mkondo mnyoofu, bonyeza mshale wa kupakua. Utapata faili moja la HTML lenye MB chache tu. Hilo linafunguka kwenye kivinjari bila intaneti, leo na mwakani. Baadhi ya majaribio yana tafsiri ya Kiswahili. Yale ya zamani yanayodai Java yapite tu, yatakupotezea muda.

Ukilituma kwa WhatsApp litume kama nyaraka. Anayelipokea kwenye simu asilifungue kwa kile kisomaji cha HTML kinachokuja na simu, maana ataona ukurasa mweupe, achague Chrome.

Somo lenyewe lipange hivi. Vuta betri moja, ambayo huanzia volti 9, na rezista moja yenye ohmu 10. Unganisha, weka amita kwenye mstari. Kabla ya kufunga swichi, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari anachotarajia. Funga: itasoma ampea 0.90. Ongeza rezista ya pili ya ohmu 10 mfululizo na ya kwanza, waandike tena, funga: 0.45. Sasa itoe, iweke sambamba. Hapa ndipo utasikia darasa likigawanyika, maana wengi wanaamini kuongeza rezista lazima kupunguze mkondo. Amita kwenye njia kuu itasoma 1.80, na kwenye kila tawi 0.90. Usikimbilie kueleza. Waache wabishane dakika tano, kisha wapime tawi kwa tawi wenyewe. Ukiwaonyesha jibu kabla hawajakisia, kilichobaki ni sinema.

Lakini kuna uongo mdogo ndani ya programu ambao lazima uwaambie. Betri yake, usipogusa kitu, haina ukinzani wa ndani. Chukua mawe mawili ya tochi ya volti 1.5, rezista ya ohmu 10: kwa hesabu ya darasani mkondo ni ampea 0.30. Kama kila jiwe lina ukinzani wa ndani wa ohmu 0.5, jumla ni ohmu 11, na amita itasoma 0.27. Mwanafunzi aliyezoea PhET tu ataandika kwamba amita ni mbovu. Programu ina kitelezi cha ukinzani wa ndani. Kitumie katika kipindi cha pili. Balbu nayo ni hivyo hivyo: ile ya kawaida ya PhET ina ukinzani usiobadilika, wakati waya wa balbu ya kweli ukipata moto ukinzani wake unapanda.

Wala PhET haimfundishi mtoto kufunga waya kwenye terminali, kusoma mshale wa amita bila kuinamisha kichwa, wala kuchagua kipimo sahihi. Mtihani wa vitendo unadai mkono. Amita yako moja nzima iwe kituo: kundi moja linashika vifaa, mengine yako kwenye programu, mnazunguka.

Kuhusu projekta, tafuta televisheni bapa ya inchi 32 au zaidi na kebo ya HDMI. Kama laptop ni ya zamani yenye VGA tu, nunua kigeuzi cha kutoka VGA kwenda HDMI. Soma maandishi ya kwenye boksi mara mbili, kwa sababu kile cha kutoka HDMI kwenda VGA kinafanana nacho kama pacha lakini hakifanyi kazi kinyume, na wauzaji wengi hawajui tofauti. Kigeuzi sahihi kwa kawaida kina waya mdogo wa USB wa kukipa umeme na wa sauti, kwa kuwa VGA haibebi sauti.

Hadithi za mtoto wa darasa la pili

*Mimi ni mama wa nyumbani Tukuyu. Mwanangu yuko darasa la pili, herufi anazijua lakini kusoma sentensi ni kugugumia. Vitabu vya hadithi dukani ni vichache na ghali. Nina simu ndogo ya kupangusa. Kuna vya bure vya Kiswahili?*
Mama, Tukuyu

Vipo mama, na vingi. Ingia africanstorybook.org, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini. Chagua lugha ya Kiswahili, kisha ngazi. Ngazi ya kwanza ni maneno ya mwanzo, ya pili sentensi za mwanzo, ya tatu aya za mwanzo, ya nne aya ndefu, na ya tano ni za mkubwa kumsomea mtoto. Usiangalie darasa lake, angalia kinywa chake: kama katika ukurasa mmoja anakwama zaidi ya maneno matano, shuka ngazi moja. Hakuna aibu mtoto wa darasa la pili kuanza ya kwanza. Akiimaliza kwa siku mbili, panda.

Kuna pia programu yao ya simu inayohifadhi hadithi ulizochagua, ili usome bila bando. Lakini kwa mtoto anayegugumia, sisi tungechagua karatasi. Kwenye simu kidole kinateleza, anafungua ukurasa wa mbele kabla hajamaliza, na baada ya dakika kumi anaomba katuni.

Pakua hadithi kama PDF na uipeleke steshenari ya kuchapia. Mwambie kijana wa hapo achague uchapaji wa kitabu, ule unaoweka kurasa mbili kwenye upande mmoja wa karatasi, pande zote mbili, na ageuze kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, nyuma itatoka kichwa chini, na utalipia karatasi zilizoharibika. Kurasa 16 zinaingia kwenye karatasi 4 za A4. Unakunja katikati na kupiga pini mbili mgongoni. Rangi si lazima. Nyeusi na nyeupe inatosha, na mtoto anaweza kupaka rangi mwenyewe.

Kuchapa si wizi. Hadithi hizo zimetolewa kwa leseni ya wazi. Mwalimu wa darasa lake anaweza kutoa nakala za darasa zima, ili mradi majina ya mwandishi na mchoraji yaliyoandikwa kwenye kitabu yasifutwe. Tovuti inaruhusu hata kutafsiri hadithi kwenda lugha nyingine, kwa hiyo bibi akitaka kumsimulia kwa Kinyakyusa, mlango uko wazi.

Msome pamoja, dakika 15 kila siku, hadithi ile ile siku tatu mfululizo. Siku ya tatu utamsikia hagugumii tena.

Majibu ya mitihani yanayouzwa

*Shikamooni. Niko Kidato cha Nne, Mbalizi. Kuna watu wanauza kwenye magrupu mitihani ya nyuma yenye majibu. Wengine wanasema wana ya mwaka huu. Je, kuna pa kuipata bure, na ni vizuri kusoma kwa mitihani ya nyuma?*
Mwanafunzi, Mbalizi

Marahaba. Anayesema ana mtihani wa mwaka huu ni tapeli. Kama si tapeli basi ni mhalifu, na matokeo ya mtahiniwa aliyehusika hufutwa. Achana naye.

Unachokitafuta kiko bure kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, necta.go.tz, na kuna kitu huko ambacho wanafunzi wengi hawakijui kabisa: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kwa kila somo, Baraza linaeleza swali kwa swali: lilidai nini, watahiniwa walifanyaje, waliokosa walikosea wapi na kwa nini. Ndani kuna nakala za majibu ya mkono ya watahiniwa wenyewe, zuri moja na baya moja. Hakuna mwalimu wa tuisheni anayeweza kukupa hilo. Mwishoni kuna jedwali la mada kwa rangi: kijani ni ufaulu mzuri, njano wa wastani, nyekundu hafifu. Katika taarifa za Kidato cha Nne, nyekundu ni chini ya asilimia 30. Anza na nyekundu.

Usiisome kama hadithi. Chukua swali moja, funika jibu, andika lako kwa muda uliopangwa, kisha fungua na ulinganishe na lile zuri na lile baya. Utashangaa mara ngapi jibu lako linafanana na lile baya: umeeleza badala ya kulinganisha, umetaja bila kutoa mfano, umesahau kizio. Swali lililokushinda liandike kwenye AnkiDroid, programu ya bure ya kadi za kujikumbusha kwenye Android. Itakurudishia kadi ngumu mara nyingi na nyepesi mara chache, bila intaneti. Kama simu ya nyumbani ni iPhone, toleo lake kwenye simu linalipiwa, tumia kompyuta. Kadi 10 mpya kwa siku zinatosha. Ukiweka 50, baada ya wiki utakuwa na mlima wa marudio na utaacha.

Vitabu vya kiada viko maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, ol.tie.go.tz, jisajili uingie. Ila tazama kila kitabu ni cha mtaala upi. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika mwaka 2024 kwa awamu, darasa kwa darasa, hivyo kitabu cha mdogo wako na chako vyaweza kufanana jalada na kutofautiana mada. Muulize mwalimu wako wa somo kabla hujapakua.

Siku ya matokeo, tovuti ikilemewa, piga *152*00# ufuate sehemu ya elimu. Tovuti yoyote isiyoishia na .go.tz inayodai namba ya simu au malipo ili uone matokeo, ifunge.

Kompyuta za msaada zinazokataa kila tovuti

*Shule yetu Iringa mjini ilipata kompyuta 12 za mezani, zimetumika lakini zinawaka vizuri. Tatizo: kila tovuti inasema muunganisho si salama. Router ni nzima, maana simu zinafungua. Fundi anataka kubadilisha Windows zote kwa malipo.*
Mwalimu wa TEHAMA, Iringa

Mwalimu, kabla ya kumlipa mtu, tazama tarehe kwenye kona ya chini kulia. Tunakisia inasoma mwaka 2009 au 2012. Tovuti salama hutoa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 inaona cheti hakijaanza kutumika, basi inakataa. Rekebisha tarehe na saa za eneo, Afrika Mashariki ni saa tatu mbele ya UTC, kisha fungua tena.

Ikirudi nyuma kila ukizima umeme, betri ndogo ya bodi imekufa. Ni CR2032 ya volti 3, bapa kama sarafu, ile ile ya rimoti nyingine za gari. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha boksi, kisha sukuma klipu ya pembeni na betri itaruka. Weka mpya, upande wa + juu.

Halafu usishtuke. Baada ya kubadilisha, mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, hurudi ya kiwandani, na kompyuta nyingine hazitafungua Windows: skrini ya bluu au zunguko lisiloisha. Mara nyingi ni hali ya diski tu, AHCI imerudi IDE au kinyume chake. Ingia BIOS, ibadilishe, weka tarehe, hifadhi. Kabla ya kuanza, piga picha mipangilio ya kila kompyuta ambayo tarehe yake bado haijapotea.

Tarehe ikiwa sahihi na bado zinakataa, angalia toleo. Kwa Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109. Weka Firefox 115 ESR, la mwisho linaloikubali, ambalo lina orodha yake ya vyeti na haitegemei ile ya Windows iliyochakaa. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine zenye RAM GB 2 hadi 4 tungeweka Linux Mint ya Xfce: ni ya bure, na Kiwix, Kolibri, LibreOffice na GeoGebra zote zinakaa humo. Jaribu moja kwanza, moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Hakikisha printa ya shule inaitika. Hapo ndipo shule nyingi hukwama, na sekretari ndiye atakayekuwa wa kwanza kuja mlangoni kwako.

Andalio la somo kwa akili mnemba

*Niko mafunzo kwa vitendo. Naruhusiwa kutumia akili mnemba kuandika andalio la somo?*
Mwanachuo wa ualimu, Njombe

Kuhusu ruhusa muulize msimamizi wako. Kuhusu ubora: inaandika vizuri kwa macho, lakini haijui muhtasari wako. Itakupa mada ya mtaala wa nchi nyingine, kipindi cha dakika 60 wakati wako ni 40, na vifaa ambavyo shule haina. Ukiipa wewe mwenyewe maneno ya muhtasari, umahiri, dakika na idadi ya wanafunzi, inakuwa msaidizi mzuri wa kazi moja hasa: kutunga maswali kumi ya zoezi yanayofanana ugumu, ili dawati la kushoto lisinakili la kulia. Majibu ya hesabu yapige mwenyewe kwa kalamu. Majina ya wanafunzi na alama zao usiyaingize humo kabisa.